Simu za Mama Mkwe

Nianze na aibu, maana nikianza na sifa nitadanganya. Katika miaka ya tisini, kwenye kilima chetu chini ya Githongo, hakuna mtu aliyewajua matapeli wa simu kunishinda mimi. Muulize yeyote aliyekuwa akileta kahawa kiwandani kwetu. Atakwambia, "Yule karani? Huyo alikuwa anawanusa kabla hawajasema halo." Ni kweli, niliwanusa. Hata ile siku ambayo ningependa kuisahau, niliwanusa vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Kiwanda kilikuwa bondeni kando ya mto, pale wakulima walipoleta kahawa mbivu ili itolewe maganda, ioshwe na kuanikwa. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia, kuandika risiti na kuchunga simu. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito kama pasi ya makaa, na ubavuni ilikuwa na mkono wa kuzungusha. Unazungusha, opereta wa posta anaitika kwa ukali kana kwamba umemwamsha, unamtajia namba, halafu unangoja majaliwa ya Mungu. Hakukuwa na simu nyingine karibu. Mwenye mtoto Nairobi alikuja kwangu, mwenye ndugu Mombasa alikuja kwangu. Mtu akipigiwa, nilitoka nje nikapaaza sauti kuelekea mlimani, aliyekuwa akichuma kahawa akalipokea jina na kulipandisha kwa mwenzake, mpaka likamfikia mwenyewe huko juu. Naye aliyepiga alipiga tena baada ya nusu saa, akamkuta mtu wake anahema.

Kwa hiyo nilisikia mengi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na watu wetu huongea kwenye simu kwa kelele, wakidhani mbali ni mbali hata kwa waya.

Wa kwanza kuliwa alikuwa mwalimu mstaafu, aliyenifundisha hesabu shuleni. Alikuwa ameona karatasi imebandikwa ukutani karibu na soko la Meru: mikopo ya haraka, bila dhamana, hata kwa wastaafu, piga namba hii. Alitaka mashine ya kusaga mahindi. Alipopiga, akajibiwa na kijana mwenye heshima zake zote, Mzee wangu huku, Mzee wangu kule. Atume kwanza pesa kidogo za fomu. Akatuma mani oda. Baada ya wiki, mkopo umepita, imebaki bima. Akatuma. Kisha ikawa stempu ya serikali. Kisha meneja ana kalamu mkononi anataka kutia sahihi, lakini sahihi nayo ina ada yake. Mwalimu akauza baiskeli.

Mwishowe simu kutoka huko zikakatika, akaniomba nimpigie mimi. Ililia sana. Mwisho mwanamke akaitika, "Halo, unamtaka nani?" Nikamwambia naitafuta ofisi ya mikopo. Akacheka. "Ofisi gani, baba? Hiki ni kibanda cha simu cha barabarani. Mimi nauza karanga hapa nje, nimechoka tu na hiyo kelele."

Nilimwambia mwalimu vile nilivyosikia. Afadhali ningemdanganya. Alikaa juu ya gunia, kofia mkononi, akalia bila kujificha, mzee aliyewahi kunichapa kwa kukosea mgawanyo. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya watu.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mke wangu alisema ziko hapa mdomoni, hazina haja ya kupanda ngazi. Tangu siku ile niliwawinda wale watu. Kila aliyepigiwa na "ofisi ya mikopo", niliomba nisikilize kwanza. Nikajifunza. Kwanza, ile ofisi haikuwa na ukuta. Nyuma ya sauti ulisikia makanga wanaita abiria na mtu anauza magazeti. Halafu kulikuwa na sarafu. Kila baada ya muda mfupi ulisikia ka! ka! zikidondoka ndani ya chuma, na mwenye kuongea anaharakisha maneno. Jamani, ofisi gani ya kukopesha watu maelfu inayolipia simu kwa sarafu? Na daima ilikuwa leo, kabla ya saa kumi, kesho nafasi itakuwa imeenda. Tena jina la kupokea mani oda halikuwa lile la juzi. Lakini kubwa lililonifungua macho ni hili: mwenye shida ni wewe, na anayepewa pesa ni yeye.

Nilichukua boksi la sabuni, nikalikata, nikaandika kwa wino mwekundu: MKOPO HAULIPIWI KABLA YA KUPEWA. ANAYEKUDAI KWANZA NI MWIZI. Nikalitundika juu ya simu. Watu wakacheka, wakaniita Inspekta. Lakini walisikia, na wengi waliponea hapo.

Kulikuwa na wale wa kusema, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Hao nilikosana nao. Tamaa gani? Niliowaona wakiliwa hawakuwa na tamaa. Walikuwa watu wenye shida iliyopangiwa tarehe, na mtu wa namna hiyo hata ukimwambia kuna pesa chini ya jiwe, atageuza mawe yote ya mtoni.

Sasa nimweleze mama mkwe.

Mke wangu alitoka Mbeere, kule chini Embu kwenye joto, nchi ya ndengu na mbuzi. Nilimpata mjini Embu nilipopelekwa kwa kozi ya ukarani. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo mahari niliipeleka kwa ami zake, na mbuzi wakaachwa bomani kwa mama yake. Niliwapeleka kwa miaka minne, leo wawili, mwakani watatu, na sikubakisha hata mmoja. Katika maisha yangu hicho ndicho kitu nilichokimaliza vizuri.

Kwetu na kwao kuna kitu kinaitwa nthoni. Ukikitafsiri utasema aibu, lakini si aibu ya kosa. Ni heshima iliyo kati ya mtu na wakwe zake. Mwanamume hamshiki mkono mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hali naye meza moja, halali chini ya paa moja naye, na mambo yake ya ndani hayaulizi. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Wakati huo wengi walikuwa wameanza kuiacha, hasa waliookoka. Walisalimiana na wakwe zao kwa mkono, wakakumbatiana hata. Yeye hakuiacha. Nami, kwa kuwa alinipa heshima ile nzito, nilimrudishia kwa uzito uleule.

Mara moja alikuja kututembelea bila taarifa, nikamwona anashuka njia ya kiwandani, sina pa kupita. Niliruka nikaingia kwenye shimo la maganda ya kahawa, yaliyooza, mpaka magotini. Mke wangu alikuwa nyuma yake, na alicheka mpaka akakaa chini. "Wee! Mwanamume mzima, unamkimbia mwanamke mzee kama umeona nyoka!" Lakini usiku akaniambia kwa sauti nyingine kwamba mama yake amefurahi. Amesema, huyu mtoto ana adabu.

Adabu. Laiti ningekuwa nayo pungufu kidogo.

Mke wangu akaugua. Tulikuwa hatujajaliwa mtoto, na kumbe kilichokuwa kikikua tumboni ni uvimbe. Alianza kutokwa na damu isiyokoma, akakonda, akawa anashika ukuta akitoka jikoni. Hospitali mjini Meru walimpima, daktari akatuita ndani akasema wazi: apasuliwe, na apasuliwe upesi, katika hospitali kubwa ya Nairobi. Tukapewa tarehe. Kabla ya kitanda, kulikuwa na pesa za kuweka. Malipo ya kahawa ya mwaka ule yalikuwa hayajatoka, tunaambiwa mwezi ujao, na mwezi ujao tunaambiwa hivyohivyo. Tukafanya harambee uwanjani kwa kanisa. Watu walitoa, Mungu awabariki, aliyekosa pesa alileta kuku akauzwa palepale. Tukapata nusu. Na nusu ya mtu haipasuliwi.

Mama yake alikuja na kiondo cha ndengu, akakaa. Usiku alilala kwa ndugu yangu, ng'ambo ya kijito, mchana alimuuguza mtoto wake. Mimi nikirudi kutoka kazini nilikohoa langoni, yeye akatoka kwa mlango wa jikoni, ndipo nikaingia. Wiki nzima sikumwona ila mgongo wake. Nilimkuta mke wangu ameoshwa, amepakwa mafuta, kichwa kimesukwa. Nilishukuru moyoni, maana kwa mdomo haikuwezekana.

Asubuhi moja simu ikalia. Mwanamume anauliza kwa upole, kwa Kiembu, kama anaweza kuongea na mama wa kutoka Mbeere anayekaa kwa karani. Nilijua mama mkwe ana wana wawili wa kiume kule Embu, nikadhani ni mmoja wao au mtu wao. Nikaita, jina likapanda mlima, naye akashuka. Simu ilipolia tena, niliweka mkono wa simu juu ya meza, sikumkabidhi, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Ningekaa pale nimsikilize mama mkwe akiongea mambo yake? Hata mbwa ana aibu yake.

Nilikwenda kwenye meza za kuanikia, nikajifanya nageuza kahawa. Wanawake waliokuwa wakichambua wakanitania, "Inspekta, leo umefukuzwa ofisini?" Kupitia dirishani niliona ameshika simu kwa mikono miwili, anaitikia kwa kichwa, anainama kidogo kama mtu aliyesimama mbele ya mkubwa. Alipotoka, niliingia. Ile karatasi yangu ya boksi ilikuwa palepale juu ya simu. Hakujua kusoma.

Alipigiwa mara ya pili, na ya tatu. Kila mara opereta aliunga waya, mimi nikasema "Ngoja," nikaweka simu mezani, nikatoka. Sikusikia neno. Katika kijiji kizima, ni simu zake peke yake ambazo sikusikiliza.

Mara ya nne alikuwa ameshajua saa, akaja mapema, amekaa nje kwenye benchi la mizani. Simu ikalia, nikainua. Kabla sijasema kitu nikasikia ka! ka! sarafu zikidondoka. Nyuma kuna makanga anaita, "Thika! Thika!" Halafu ile sauti ya Kiembu, ile ya upole, ikamwambia mtu wa kando kwa Kiswahili cha haraka, "Ngoja bwana, niko na mteja."

Mteja! Mama wa mke wangu.

Niligeuka. Alikuwa ameshafika mlangoni, amesimama, macho chini, leso begani, anangoja nitoke ili aingie. Hatua tatu kati yetu. Neno lenyewe lilikuwa fupi: Mama, huyu ni mwizi. Nilikuwa nimelisema kwa watu hamsini, wengine nimelisema kwa kupiga kelele. Kwake ulimi haukupanda. Maana ningemwambia hivyo, ningekuwa nimeingia ndani ya shida yake, nimejua kwamba anakopa, nimejua anakopa kwa sababu gani. Na alikuwa anakopa kwa sababu mimi, mwenye mke, nimeshindwa. Wacha niseme ukweli wote: haikuwa nthoni peke yake. Ilikuwa na kiburi changu pia, kimejifunika blanketi la nthoni.

Nikaweka simu mezani. Nikatoka.

Kwenye meza za kahawa nilijipa moyo. Nitamwambia mke wangu jioni, naye amwambie mama yake. Ndiyo njia ya heshima, maneno ya wakwe hupita kwa mtu wa katikati. Jioni nikakohoa langoni, nikaingia. Mke wangu alikuwa na maumivu, lakini uso ulikuwa na mwanga ambao sikuwa nimeuona tangu harambee. Akanishika kidole. "Karani wangu, usijitese. Mungu ana njia." Nilidhani ni imani tu. Nikafikiri, nikimwambia mama yake anaibiwa, atalala vipi? Nikamsogezea uji. Nikasema kesho.

Asubuhi mke wa ndugu yangu alikuja kuchukua maziwa, akaniambia mama ametoka alfajiri kwenda Meru mjini. "Ana pesa kwenye pindo la leso. Wanawe walimletea juzi. Wameuza mbuzi."

"Mbuzi gani?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si wale wako. Wote."

Nilipanda pikapu ya maziwa, nikakaa juu ya mikebe, nikimhimiza dereva mpaka akaniambia nishuke nisukume. Tulifika Meru ofisi zikiwa zimefunguliwa. Nilikimbia kuelekea posta, na nilipokuwa nakaribia nikamwona anatoka. Alikuwa anatembea wima, haraka kidogo, kama mwanamke aliyemaliza kazi nzuri mapema. Akaniona. Palepale akavuta leso mpaka kwenye paji la uso, akasogea ng'ambo ya barabara anipishe. Na miguu yangu, bila kuniuliza, ikaingia mtaroni impishe yeye. Mjini, katikati ya watu, wawili sisi tunapishana kama tuko njia ya kichakani.

Niliingia posta. Nikamweleza dada wa kaunta, nikigugumia. Alikuwa mtu mzuri. Akasema, "Mani oda ya yule mama bado iko hapa, inatumwa saa nne. Lakini mwenye kutuma ndiye anayeweza kuisimamisha. Mlete na risiti yake. Harakisha."

Nikatoka mbio. Alikuwa bado hajaenda mbali, yuko kwa wauzaji wa ndizi, anauliza bei. Nikaita kwa nguvu, "Mama!"

Watu waligeuka. Yeye pia aligeuka, akaniona nimesimama katikati ya barabara, nimemkodolea macho usoni, kichwa wazi, mkono juu. Sitasahau vile uso wake ulivyokuwa. Aliona aibu, na si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Alidhani huzuni imenivuruga akili. Akajifunika uso wote kwa leso, akageuka, akaongeza mwendo.

Niliita mara moja. Mara ya pili sikuita. Ningekimbia ningemfikia hatua thelathini, ningemshika mkono nimburute mpaka kaunta, watu wangenipiga labda, na ningekubali kupigwa. Lakini nilisimama. Nilirudi posta nikambembeleza dada wa kaunta, nikamwambia ni maisha ya mtu, akasema pole, kaka, sheria si yangu. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka saa nne ikapita.

Waungwana husema heshima si utumwa. Mimi siku hiyo nilikuwa mtumwa, na aliyelipa ni mtu mwingine.

Siku mbili baadaye yule mtu alipiga tena, mapema, mama mkwe hajashuka. Bila shaka kulikuwa na ada nyingine. Sikuita jina mlimani. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayajua, matusi ya kumpata yeye na waliomzaa. Akangoja mpaka nikapumua. Kisha akasema kwa upole uleule, "Bwana, umekosea namba," akakata.

Hakupiga tena. Na mama mkwe, ambaye hakujua kitu, aliendelea kuja. Kila siku saa ileile alishuka, akakaa kwenye benchi la mizani, mikono mapajani, akingoja aitwe. Simu ikilia, aliinua kichwa. Nilipomwita mtu mwingine, alikiinamisha. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia; nilipita kwa mlango wa nyuma. Angeniuliza vipi? Na mimi, baada ya posta, ningeanzia wapi? Kila siku iliyopita ililifanya lile neno fupi kuwa refu zaidi.

Tarehe ya hospitali ikapita. Tuliandika kuomba nyingine. Mke wangu aliendelea kutokwa na damu, tukamrudisha Meru, wakamwongezea damu, akapata nafuu siku mbili, akaniuliza kama kahawa imelipa. Nikasema bado. Siku ya tatu, mchana, nimeenda kumtafutia maembe aliyoyataka, nikarudi nikakuta kitanda kimezungushiwa pazia. Nilimpenda yule mwanamke. Nilikuwa sijamwambia hivyo kwa maneno haya. Tulikuwa tunataniana tu.

Malipo ya kahawa yalitoka baadaye. Nililipia deni la jeneza.

Baada ya mazishi, watu wa Mbeere walikuwa wakijiandaa kuondoka. Nilikuwa nimekaa peke yangu ndani ya jiko la mke wangu, mlango wazi. Mama mkwe akaja. Hakuingia. Aliketi nje kwenye kizingiti, mgongo wake kwangu, uso kwenye migomba, kama desturi inavyotaka ikiwa kuna neno ambalo haliwezi kupita kwa mtu wa katikati. Na aliyekuwa mtu wetu wa katikati tulikuwa tumemzika.

"Mkwe wangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha mimi mwenyewe. "Nimekuja kutubu."

Nikainua kichwa.

"Nilikuwa nimepata mkopo wa kumtibu. Kwa simu; tangazo nilisomewa sokoni Meru, nikampigia yule bwana. Mbuzi wako wote niliwaweka humo, sikukuomba ruhusa, unisamehe. Ulikuwa umepita. Cheki ilikuwa imeandikwa. Lakini yule bwana alinikataza nisimwambie mtu yeyote mpaka pesa zifike, akasema nikisema, mkopo utakufa. Nami nilisema." Alifuta pua kwa pindo la leso. "Nilimwambia mtoto. Nilimwona amekata tamaa, nikataka apate moyo. Nikamwambia, pesa zinakuja, utapona. Siku ileile simu zikakatika. Ni mdomo wangu. Ni mimi niliyemuua."

Nilikuwa na neno. Lilikuwa lilelile. Mama, hapakuwa na mkopo, yule alikuwa mwizi, hukukosea chochote, ulichompa mtoto wako ndicho kitu kizuri pekee alichopewa na mtu yeyote miongoni mwetu. Lakini ningelisema hilo angeuliza, mkwe wangu, umejuaje? Umejua tangu lini?

Nilitazama mgongo wake. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.

"Ni mapenzi ya Mungu, Mama," nikasema.

"Asante," akasema, "kwa kunisamehe." Akainuka, akaenda kwa wenzake bila kugeuka.